Kuinama Bila Kupinda Mgongo

Mfupa wa mgongo unaweza kuvunjika bila mtu kuanguka. Mama wa miaka sabini hunyanyua mtungi wa maji uani, husikia kitu kimemchoma katikati ya mgongo, akalala siku kadhaa, na walio karibu naye wakasema ni baridi au ni uzee. Wengine hawasikii hata mchomo huo. Wanachoona ni kwamba buibui lililokuwa likiishia juu ya kifundo cha mguu sasa linaburura chini. Inakadiriwa kwamba thuluthi mbili hivi za mivunjiko ya aina hii hazitambuliwi na daktari wakati zinapotokea. Kwa hiyo katika visiwa vya Lamu, kama kwingineko, wamo kina bibi wengi wanaoishi na mgongo uliovunjika bila kujua, na wanaoambiwa ama wapumzike kabisa ama waendelee na kazi kama zamani. Mashauri yote mawili yana madhara. Ili kuona sababu yake inafaa kuanza na mfupa wenyewe, maana mtu asiyejua kwa nini anafanya zoezi fulani hulifanya vibaya.

Mfupa ni kitu kilicho hai. Umeundwa kwa vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoufanya mfupa uweze kunepa kidogo bila kukatika. Cha pili ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayoupa ugumu. Ndani ya mfupa mna seli za namna mbili zinazofanya kazi mchana na usiku: seli zinazobomoa sehemu kuukuu na seli zinazojenga upya. Katika utoto na ujana wajenzi huwashinda wabomoaji. Kufikia umri wa miaka 30 hivi mfupa huwa umefikia uzito wake mkubwa kabisa, na baada ya hapo mizani huanza kuelemea upande wa pili polepole. Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Homoni ya estrojeni, inayotengenezwa zaidi na ovari, huwazuia wabomoaji wasizidi mpaka. Hedhi inapokoma, estrojeni hupungua sana, kizuizi kile huondoka, na kwa miaka kadhaa mfupa hupotea kwa kasi. Mfupa ukishapungua kiasi cha kuweza kuvunjika kwa jambo dogo, hali hiyo huitwa osteoporosisi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa kuipima kwa mashine maalumu ya eksirei. Mashine hizo hupatikana zaidi katika miji mikubwa kama Nairobi, lakini asiyeweza kuifikia hajakosa kila kitu: mwanamke mzee aliyevunjika mfupa wa mgongo bila ajali kubwa huhesabiwa kuwa na osteoporosisi hata kama hajapimwa, madhali sababu nyingine zimechunguzwa na kuondolewa.

Pingili ni mifupa mifupi iliyopangwa moja juu ya nyingine kufanya uti wa mgongo: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, kisha zile zilizoungana kwenye nyonga. Upande wa mbele wa kila pingili ni kipande kinene cha duara kinachobeba uzito. Nyuma yake mna matao yanayolinda neva, na juu ya matao hayo hushikamana misuli ya mgongo. Kipande cha mbele kina gamba jembamba tu la mfupa mgumu. Ndani yake mna mfupa wa sifongo, yaani vijiti vidogo vya mfupa vilivyosimama wima na vingine vilivyolala kuviunganisha. Osteoporosisi hula kwanza vijiti vilivyolala. Mfano wa ujenzi unaweza kutufahamisha hatari yake: nguzo iliyosimama wima bila kitu cha kuishikilia ubavuni huweza kubeba dari kwa muda, lakini hupindika na kukatika mapema kuliko ile iliyofungwa kwa boriti za kukingama. Ndivyo vilivyo vijiti vya wima vilivyobaki peke yake ndani ya pingili. Juu vinaonekana vimesimama, kumbe havina msaada.

Pingili dhaifu ikielemewa upande wa mbele, upande huo hubonyea huku wa nyuma ukibaki na kimo chake. Pingili inageuka kuwa kabari, nene nyuma, nyembamba mbele. Kabari mbili tatu zikifuatana katikati ya kifua, mgongo hupinda na kibiongo huanza. Hapo tatizo hujizidisha lenyewe. Kichwa na mabega yakishasogea mbele, uzito wake nao husogea mbele, na pingili za jirani huelemewa pale pale palipoelemewa ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kati ya wanawake watano waliovunjika pingili, mmoja hivi huvunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunjika, basi, ndio wa kuangaliwa zaidi kuliko yote.

Sasa tuutazame uzito huo. Wenzo ni kitu kinachozunguka juu ya egemeo, mzigo ukiwa upande mmoja na nguvu ya kuuzuia upande mwingine. Mzigo ukiwa mbali na egemeo, na nguvu ya kuuzuia ikiwa karibu nalo, nguvu hiyo hulazimika kuwa kubwa sana. Uti wa mgongo ni egemeo la namna hiyo. Chukua mama wa kilo 55. Sehemu ya mwili wake iliyo juu ya kiuno ina kilo 30 hivi. Akisimama wima, uzito huo huwa karibu kabisa juu ya pingili, na misuli haina kazi kubwa. Akiinama sana, uzito huo husogea kiasi cha sentimita 25 mbele ya pingili za kiuno, na misuli inayouzuia imeshikilia sentimita 5 tu nyuma yake. Mara 30 kwa 25 ni 750; gawanya kwa 5, unapata 150. Misuli italazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 150, na mvuto wote huo huishia kuzigandamiza pingili, juu ya uzito wa mwili wenyewe. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Ukishikwa sentimita 40 mbele ya mgongo, huongeza 160 nyingine. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kueleza kwa nini mama aliyevunjika hakuhitaji kuanguka.

Mambo haya yamepimwa pia kwa watu walio hai. Miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Uswidi alichoma sindano za kupimia ndani ya diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili na pingili. Shinikizo la mtu aliyesimama likihesabiwa kuwa 100, la aliyelala chali lilikuwa 25 hivi, la aliyeketi 140, la aliyesimama akiinama 150, na la aliyeinama akiwa na kilo 20 mikononi 220. Namba mbili kati ya hizo zina faida kubwa kwetu. Kulala chali hupunguza shinikizo hadi robo, kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia mazoezi. Na kuketi, ambako watu hukuona ni kupumzika, katika vipimo hivyo kulilemea diski kuliko kusimama.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni kulala. La. Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Ujerumani alichapisha kitabu akieleza kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaowekewa. Ushahidi ulio wazi zaidi umekuja kutoka kwa wanaanga. Wanapoishi miezi kadhaa mahali wasipohisi uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, nao ni watu wenye afya njema. Mama anayelazwa kitandani miezi miwili kwa nia ya kumhurumia hupungukiwa mifupa na misuli kwa pamoja, na akiinuka huinuka akiwa karibu zaidi na mvunjiko wa pili. Mfupa unahitaji mzigo. Ila mzigo una mwelekeo, na kwa pingili iliyodhoofika mwelekeo ndio unaotenganisha faida na madhara.

Mwaka 1984 Mehrsheed Sinaki na mwenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 59 wenye osteoporosisi na maumivu ya mgongo. Waliofanya mazoezi ya kuunyoosha mgongo kuelekea nyuma walikuwa 25, na 4 kati yao walipata mivunjiko mipya. Waliofanya ya kuupinda mbele, kama vile kugusa vidole vya miguu au kujiinua kutoka chali, walikuwa 9, na 8 walivunjika. Waliochanganya aina zote mbili walikuwa 19, wakavunjika 10. Wasiofanya lolote walikuwa 6, wakavunjika 4. Makundi haya ni madogo, na wanawake hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo si haki kuzichukua namba hizi kama sheria. Lakini zimekwenda sambamba na hesabu ya wenzo, na tangu wakati huo wataalamu wa mazoezi wamekuwa wakionya dhidi ya kuupinda mgongo mbele kwa mwenye mifupa dhaifu. Zoezi lile lile la kugusa vidole, linalofunzwa shuleni na kufanywa na vijana ufukweni, humdhuru bibi.

Shauri la vitendo linalotokana na haya yote ni moja: kuinama kufanyike kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Nyonga ni kiungo kikubwa chenye misuli minene ya makalio na mapaja. Zikikunjwa nyonga na magoti, mgongo ukabaki ulivyo, mzigo hutandazwa juu ya pingili nzima badala ya kulundikana ukingo wa mbele. Wataalamu wa viungo hutumia muda mwingi kuwafundisha wagonjwa mwendo huu. Wanawake wa Lamu, wengi wao wakiwa Waislamu, wamekwisha kuufahamu kutoka mahali pengine: ndiyo rukuu ya swala kama inavyofundishwa. Nyonga zimekunjwa, mgongo umenyooka, viganja vimeshika magoti. Viganja hivyo vina kazi hata kwa macho ya sayansi, maana mikono iliyoegemea magoti hubeba sehemu ya uzito ambao misuli ya mgongo ingelazimika kuuvuta. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, kwa hiyo zina rukuu 17 kila siku bila kuhesabu sunna. Rukuu hizo zikifanywa kwa mgongo uliojikunja, ni mara 17 za kuiminya pingili. Zikifanywa kwa utulivu na mgongo ulionyooka, ni mafunzo ya kila siku ya mwendo ule ule anaouhitaji jikoni na kisimani. Sijida ni jambo jingine, kwa kuwa kwenda chini hadi sakafuni na kuinuka tena huupinda mgongo wa mgonjwa, na kunaweza kumwangusha. Mwenye udhuru ameruhusiwa kuswali ameketi na kusujudu kwa ishara, na mvunjiko mpya wa mgongo ni udhuru wa kweli. Ni vyema jambo hili lisemwe mbele ya bibi na mtu anayemwamini, kwa maana wengi huvumilia maumivu wakiona haya kuomba kiti.

Kabla ya zoezi lolote, mgonjwa aonwe na tabibu. Pingili inaweza kubonyea kwa sababu nyingine kabisa, na katika nchi yetu kifua kikuu cha uti wa mgongo hakipaswi kusahauliwa, wala saratani. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au maumivu yasiyotulia hata akilala ni dalili za kuchunguzwa. Miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia haja, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hospitali ya King Fahd iko mjini Lamu. Anayetoka Kizingitini au Faza atasafiri kwa boti, na safari yenyewe ina tahadhari yake. Boti ya mwendo kasi inapopiga mawimbi, walioketi omo hurushwa na kutua kwa kishindo kikubwa kuliko walioketi tezi, na mivunjiko ya pingili kwa abiria wa omo imeandikwa sana katika vitabu vya tiba. Bibi akae tezi, na nahodha aombwe apunguze mwendo.

Maumivu makali ya mvunjiko mpya hupungua kwa kawaida katika wiki sita hadi kumi na mbili. Katika muda huo kutembea ndani ya nyumba na kujigeuza kitandani kunatosha. Ageuke kwa kuviringisha mabega na nyonga pamoja, kisha ateremshe miguu na kujiinua kwa mikono, asijikunje moja kwa moja kutoka chali.

Maumivu yakishatulia, mazoezi huanza kwa kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, juu ya godoro gumu au mkeka uliotandikwa mahali anapoweza kuinuka bila taabu. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai, kwa kuwa hubonyea katikati na kuupinda mgongo. Mwenye kibiongo ambaye kisogo chake hakifiki chini awekewe mto mdogo. Kumlazimisha ni kumwumiza. Kutoka hapo anakandamiza kisogo na mabega chini taratibu, anashikilia kwa muda wa pumzi moja ya utulivu, analegeza. Mara tano zatosha mwanzoni, kumi baadaye, kila siku. Pumzi isizuiwe. Zoezi hili dogo huamsha misuli ya mgongo bila mgongo kubebeshwa uzito wa kusimama. Akilizoea, hulifanya akiwa amesimama na mgongo ukutani: kidevu kinavutwa ndani, makombe ya mabega yanasogezwa yakaribiane, viwiko vinakandamizwa ukutani.

Hufuata kuinuka kitini, na katika mazoezi yote hili ndilo ambalo lisingefaa kukosekana. Kiti kiwe kigumu, kisichoyumba, kimeegemezwa ukuta. Miguu ivutwe nyuma kidogo, kifua kiende mbele kutoka kwenye nyonga, kisha asimame akitoa pumzi, na aketi polepole kwa kujizuia bila kujitupa. Mwanzo anaweza kujisukuma kwa mikono. Mara nane hadi kumi, siku mbili au tatu za wiki. Misuli ya mapaja inayopatikana hapo ndiyo itakayompandisha ngazi na kumwinua chooni.

Ili kujifunza kuinama, fimbo huwekwa wima mgongoni na msaidizi, ikigusa kisogo, katikati ya mabega na mwisho wa mgongo. Bibi akunje magoti kidogo na asukume makalio nyuma. Fimbo ikiachana na mgongo mahali popote, mgongo umepinda. Arudi aanze tena. Mwenye kibiongo atagusa mahali pawili tu, na hapo pawili panatosha. Mjukuu wa miaka kumi anaweza kuishika fimbo hiyo, na mara nyingi huwa mwalimu mwangalifu kuliko mtu mzima.

Kazi za nyumbani zenyewe nazo hubadilishwa umbo. Kibao cha mbuzi humkalisha mtu chini sana, mgongo umejikunja, huku mabega yakisukuma nazi kwa nguvu. Kwa bibi aliyevunjika pingili, kazi hiyo apewe mwingine. Ufagio wa mpini mfupi ufungwe kwenye mti mrefu. Karai la kufulia liwekwe juu ya meza. Mtungi wa lita 20 usiwe wake tena, bali ndoo ndogo mbili, zikishikwa karibu na mwili, moja kila upande. Anayesuka ukili au kudarizi kofia ainuke mara kwa mara na kusimama ukutani, kwa sababu tumekwisha kuona kuketi kunavyolemea.

Mvunjiko wa nyonga huletwa zaidi na kuanguka, kwa hiyo usawa wa mwili nao hufunzwa kila siku. Asimame karibu na ukuta, mguu mmoja mbele ya mwingine, kidole kimoja tu kikigusa ukuta. Ainuke juu ya vidole vya miguu na kushuka polepole. Nyumba za mawe za mji wa kale zina ngazi za mwinuko mkali zenye kiza na vizingiti vya juu, na vichochoro vya nje havina usawa, tena vina punda. Taa ya ngazi, kamba au upau wa kushikia, na viatu vyenye mkanda wa kisigino ni sehemu ya tiba kama lilivyo zoezi. Kutembea kuelekea Shela maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu, ni kuzuri asubuhi kabla ya jua kali, akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Chakula na dawa vina nafasi yao. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku. Bilauri moja ya maziwa ina 300 hivi, na dagaa wanaoliwa na miiba yao huongeza. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua, lakini anayejifunika akitoka na kushinda ndani hulikosa jua hilo hata Lamu, digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Ua wa ndani wa nyumba, ambako anaweza kuacha mikono na miguu wazi bila kuonekana, humfaa. Dawa za kupunguza ubomoaji wa mfupa zipo, kama vile alendroneti, na aliyekwisha kuvunjika aulizie. Mazoezi hayachukui nafasi yake.

Haifai kumwahidi bibi kisichojulikana. Matokeo ya jaribio la mazoezi ya nyumbani kwa wanawake 141 waliovunjika pingili, lililodumu mwaka mmoja na kuongozwa na watafiti wa Kanada, yalichapishwa mwaka 2018. Lilikuwa jaribio la awali, dogo mno kuthibitisha kama mivunjiko hupungua, wala kibiongo hakikunyooka. Lakini waliofanya mazoezi waliinuka kitini upesi zaidi kuliko wenzao. Hicho ni kipimo ambacho familia yoyote inaweza kukichukua nyumbani kwa saa ya simu: ainuke na kuketi mara tano, sekunde ziandikwe pamoja na tarehe, na jambo hilo lirudiwe kila mwezi kwa kiti kile kile. Sekunde zikipungua, mazoezi yaongezwe kidogo. Zikiongezeka miezi miwili mfululizo, au kimo kikipungua kwenye alama iliyochorwa mlangoni, arudishwe kwa tabibu akiwa na karatasi hiyo mkononi.